Mti wa Mbele

Katika kitongoji chetu, mlimani juu ya kijiji cha Nangwa, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa machela mpaka barabarani. Machela yenyewe ni miti miwili mirefu na blanketi zito lililoshonwa pembeni ili miti ipite. Blanketi linalotumika sasa nililishona mimi, kwa uzi wa magunia, nikarudia kila mshono mara mbili. Njia ni nyembamba na mteremko wake ni mkali. Pikipiki hupanda wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, waendesha pikipiki wanakuangalia tu na kutikisa kichwa. Kwa hiyo kila nyumba hutoa mwanamume mmoja. Wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma na kupokea.

Kuna taratibu mbili ambazo hakuna aliyeziandika popote. Ya kwanza ni kwamba mtoto wa kiume wa mgonjwa ndiye anayeshika mti wa mbele, upande wa kulia, kuanzia mlangoni mpaka korongo la kwanza. Ya pili ni kwamba aliyebeba haombi kupokewa. Anayetembea nyuma ndiye anayetazama. Akiona mwenzake amechoka anasema "Leta," anaingiza bega chini ya mti, na safari inaendelea. Mbebaji anayesema mwenyewe "Pokea" amejiaibisha, na watu watamkumbusha hata kwenye harusi ya mtoto wake.

Mimi nina miaka hamsini na moja na kazi yangu ni cherehani. Mama yangu amepita miaka themanini, anaishi juu kabisa ya njia hiyo pamoja na dada yangu mkubwa, na mimi ndiye mtoto wake pekee wa kiume. Kwa karibu mwaka mzima sikuthubutu kuyafikiria kwa pamoja mambo mawili, mgongo wangu unaouma na umri wa mama.

Mgongo ulijitangaza siku tuliyombeba mzee mmoja, jirani wa mama, aliyevunjika mguu akishusha kuni. Wanawe wako mbali, kwa hiyo tulipokezana tu majirani. Nilishika mti wa nyuma, kushoto. Mteremko ulipozidi nilihisi kitu kikilegea chini ya kitovu, kisha joto likapanda kiunoni. Nikasubiri kusikia "Leta." Waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanabishana kuhusu dume la mtu fulani lililoingia kwenye ngano ya mtu mwingine, na hakuna aliyekuwa ananitazama. Nikaendelea kusubiri. Hatimaye mmoja akaona, akasema neno lile, nikageuza kiuno ili nimpishe. Hapo ndipo mgongo ulipojifunga kama kufuli. Mti ukateleza begani, blanketi likainama, mzee akabingirika kwenye nyasi na mguu wake uliofungwa vijiti.

Alipiga kelele moja. Kisha akalala chali anatazama juu.

"Mmeshafika makaburini?" akauliza. "Mbona hamjaimba?"

Watu walicheka, nami nilijaribu kucheka. Hakuna aliyenilaumu. Walimrudisha mzee kwenye blanketi, mtu mwingine akashika mti wangu, na mwanamume mmoja mwenye mabega mapana, ambaye kwa kawaida ndiye hupanga zamu, akanipa mfuko wa mgonjwa wenye nguo, chupa ya chai na sufuria.

"Fundi, wewe beba huu," akasema kwa upole.

Safari mbili zilizofuata, za wagonjwa wengine, alinipa tena mfuko. Ule upole ulikuwa mgumu kubeba kuliko machela.

Hospitalini nilipokwenda kuonyesha mgongo, nilipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alikuwa na umri wa binti yangu wa kwanza. Alinisalimia, "Shikamoo baba," akaniambia nivue shati. Chini ya shati alikuta shuka niliyokuwa nimejifunga kiunoni, imekunjwa mara nne na kukazwa kwa kamba.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kazi. Inashika mgongo."

"Unaifunga tangu lini?"

Nilihesabu. Marehemu baba alinifunga ya kwanza nilipoanza kushika plau nyuma ya maksai, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kwetu mtu haendi kwenye kazi nzito bila kujifunga kiuno. Ukienda umelegea hivyo hivyo, wakubwa wanakurudisha nyumbani ukajifunge. Nilipohamia kwenye cherehani niliendelea kujifunga, maana kukaa kutwa umeinama nako kunachosha kiuno.

"Miaka thelathini na minane," nikasema.

Alinilaza, akaweka vidole viwili pembeni ya kitovu, akaniambia nikohoe. Kisha akaniambia ninyanyue goti moja bila kubana pumzi. Sikuweza. Kila nilipotaka kunyanyua, pumzi ilijibana yenyewe.

"Baba, mkanda unao ndani, wa misuli," akasema. "Umezunguka kiuno chote, mbele, ubavuni na nyuma. Ila wako umezoea kushikiwa, kwa hiyo umelala. Na pumzi unaibana. Kazi yako ni nini?"

"Fundi cherehani."

"Unapotia uzi kwenye sindano, unapumua?"

Nilifikiri. Sipumui. Sipumui pia ninapokata kitambaa cha mteja, wala ninapofuata alama ya chaki kwenye kona ya kola. Nilikuwa nimepitisha nusu ya maisha yangu bila kupumua, na sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo kuwa na uhusiano wowote na mzee aliyelala chali kwenye nyasi.

Alinifundisha mikao mitatu, akanichorea kwenye karatasi, akanipangia siku ya kurudi. Niliporudi nikaambiwa amehamishwa. Nilibaki na karatasi, simu yenye kioo kilichopasuka, na kitabu cha zamani cha baiolojia cha sekondari ambacho nilikinunua mnadani miaka mingi iliyopita. Sikusoma sekondari. Vitu ninavyovijua nimejifunza hivyo, kwa kukaa na kitabu na kurudia ukurasa mpaka unyooke. Nikafungua daftari jipya, nikachora mistari, nikaanza.

Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, nilisogeza cherehani ukutani, nikafagia vipande vya nyuzi, nikafunga mlango. Mikao ile niliipa majina yangu mwenyewe. Wa kwanza niliuita meza: viganja na magoti chini, mgongo bapa. Wa pili ulikuwa ubao: mikono imenyooka, vidole vya miguu chini, mwili mmoja kutoka kisigino mpaka kisogo. Wa tatu ulikuwa wa kulala ubavu na kujinyanyua kwa kiwiko. Nilivunja kanuni ya baba na kuiacha shuka kwenye msumari. Siku za kwanza nilijiona kama mtu aliyetoka nje bila suruali.

Nilikaa katika kila mkao nikihesabu pumzi, kisha nikaandika. Pumzi nne. Pumzi sita. Mwezi wa pili, pumzi ishirini za ubao bila kutetemeka. Namba zilipanda vizuri na nilizipenda, kwa sababu nilipokuwa nazitazama sikuwa natazama simu. Simu ndiyo iliyonitisha. Dada yangu hupiga mara chache, na kila jina lake lilipotokea kwenye kioo nilisimamisha cherehani na kubonyeza haraka.

"Haloo? Mama vipi?"

"Mama mzima. Nilitaka kuuliza kama una zipu nyeusi."

Jumapili moja baada ya ibada nilipanda kwa mama kumwomba ahamie kwangu, karibu na barabara. Tangu mlima uliposhusha matope kule Jorodom na kufukia nyumba, watu wengi wa juu walikuwa wanaliongelea jambo hilo, na nilidhani sasa atakubali. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda, au ni shati?"

Nilimweleza kwa mpangilio: mvua, njia, umri wake, chumba nilichomtengea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama huwa hakatizi mtu.

"Nihamie kwako nikasikilize cherehani kutwa? Na ng'ombe wangu atasikiliza nini?"

"Mama, ukiugua tutakubeba kwa njia hii."

"Si mtanibeba? Nimekubeba wewe mgongoni kwenye njia hiyo hiyo, na gunia kichwani." Akarusha haragwe bovu kwa kuku. "Halafu mimi nimepungua. Sasa hivi nina uzito wa kuku huyo."

Niliposhuka nilihesabu hatua kutoka mlangoni kwake mpaka korongo. Mia nne na kumi na mbili. Niliandika namba hiyo kwenye jalada la daftari, na nadhani ilikuwa kosa, kwa sababu kuanzia siku hiyo niliiona kila nilipolifungua.

Mwezi wa tatu wa mazoezi niliamua kupima. Nilitafuta mti mrefu, nikaning'iniza ndoo ya maji mbele na nyingine nyuma, nikauweka begani kulia na kuanza kuzunguka nyumba. Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Nilifika hatua mia na themanini vizuri kabisa. Nikafika kwenye kona ya jiko, nikageuka, kiuno kikakatika kama mara ya kwanza. Ndoo zikaanguka, maji yakaingia jikoni, nikabaki nimeinama nimeshika ukuta.

"Baba watoto!"

"Sijambo."

"Hujambo wakati umekunjika kama kisu cha kukunja?"

Nilikaa siku mbili bila kufanya chochote ila kufikiri. Nilikuwa na ubao wa pumzi ishirini na tano, na bado kona moja ya jiko ilinishinda. Siku ya tatu, nikiwa namkagua mwanafunzi wangu wa cherehani, mama mmoja mtu mzima anayejifunza kushona ili ajitegemee, nilivuta sketi aliyoishona nione kama mshono unashika. Ulishika mstari mzima. Ulifumuka mahali alipokuwa amesimama, akakata uzi na kuanza tena.

Niliirudisha sketi mezani na kwenda kusoma daftari langu upya. Nilikuwa nimejifunza kukaa. Kila mkao nilikuwa naushika vizuri, kisha najiachia, napumzika, najipanga, naingia kwenye mwingine. Kati ya mkao na mkao sikuwa na kitu. Na mara zote mbili mgongo wangu ulikatika katikati: nilipogeuka kumpisha mwenzangu, nilipogeuka kwenye kona. Njia ya kwa mama haina mahali pa kukaa. Yote ni kugeuka, kushuka na kuhama mguu.

Nilitafuta kwenye simu nikaona watu wanaofanya mazoezi ya namna hiyo, mwili wenyewe tu bila chuma, wakitoka kwenye mkao mmoja kwenda mwingine bila kusimama, kama maji yanavyohama kwenye mfereji. Wengi walikuwa vijana, na sikuwaiga walivyoruka. Nilichukua walichofanya polepole. Nikachora kwa chaki sakafuni alama za viganja na miguu, kama ninavyochora nguo kabla ya kukata, na kutengeneza mfululizo wangu.

Unaanza kwenye meza. Unavuta pumzi, unapoitoa unanyanyua magoti juu ya sakafu kiasi cha upana wa vidole vinne tu, na hapo tumbo lote linaamka. Bila kusimama unatembeza viganja mpaka kwenye ubao. Unasukuma nyonga juu mpaka mwili unakuwa kama paa la nyumba. Mguu wa kulia unapita chini ya mwili kwenda kushoto, kifua kinafunguka ubavuni, mkono mmoja unaachia sakafu. Unarudi njia ile ile uliyoendea, polepole kuliko ulivyokwenda, unaingia upande wa pili, kisha unachuchumaa na kusimama. Halafu unashuka tena. Pumzi haikatiki, na ikikatika unaanza upya.

Wiki ya kwanza nilianza upya mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuandika. Mapito ndiyo yaliyokuwa yananitetemesha. Ubao niliojivunia ulikuwa mwepesi. Kutoka kwenye ubao kwenda kwenye paa kwa pumzi moja ndefu kulinitoa jasho hadi kwenye kope.

Nilipozoea kidogo, nilianza kutambaa pia, magoti juu, mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kuzunguka chumba chote. Mke wangu alifungua mlango siku moja bila kubisha, akasimama na chai mkononi.

"Nifunge?" akauliza.

"Funga."

Akafunga, akabaki ndani. Hakuwa anacheka. "Unajua watu wakikuona hivyo alfajiri watasema nini. Kwetu anayetambaa asubuhi kwa miguu minne ni fisi, au ni mchawi mwenye fisi."

"Ndiyo maana nafunga mlango."

"Mlango una ufa. Jana mama wa jirani aliniuliza kama una degedege."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia unatafuta sindano." Akaweka chai juu ya cherehani. "Kila siku unatafuta sindano. Mwishoni atakuletea sumaku."

Niliziba ufa kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Niliendelea kupima na ndoo kila Jumamosi. Mia mbili na hamsini. Mia tatu. Mara ya mwisho kabla ya mvua nilifika mia tatu na hamsini. Haikufika mia nne na kumi na mbili, na ndoo haziteremki mlima wala haziguni. Lakini nilipata kitu kingine ambacho sikukitafuta. Kwa kuandika kila mara niliposhindwa, niliona kwamba nashindwa kwa mpangilio ule ule. Kwanza nyonga ya kushoto inashuka kidogo. Kisha pumzi inajibana yenyewe. Baada ya pumzi kujibana nina hatua kama ishirini, mara nyingi pungufu. Halafu kiuno kinakatika. Nilikuwa najua mapema sasa, kama unavyojua uzi unakaribia kwisha kwenye kibobini cha uzi wa chini kwa jinsi sauti ya cherehani inavyobadilika.

Kujua hakukunituliza. Kulinipa tu kitu mahsusi cha kuogopa.

Mvua zilianza na wingu likakaa juu ya mlima wiki nzima. Siku ya tano, saa nne asubuhi, nikiwa napiga pasi, dada yangu akapiga. Hakuuliza zipu.

"Mama ameteleza zizini. Nyonga. Hawezi kukanyaga."

Nilizima mkaa wa pasi kwa maji, jambo ambalo fundi hafanyi. Mke wangu alikuwa ameshatoka kwenda kuwaita watu. Nilipokuwa navaa viatu niliiona ile shuka kwenye msumari. Niliigusa. Niliiacha.

Tulikuwa wanaume tisa. Yule mwenye mabega mapana alikuja na miti, na tukiwa tunapanda alijisogeza karibu nami.

"Fundi, kama unaona vigumu, naweza kuanza mimi. Watu wataelewa."

"Nashukuru, ndugu yangu. Nitaanza."

Tulipofika hakunipa mfuko wa mama, aliushika mwenyewe.

Mama alikuwa amelazwa kwenye ngozi karibu na moto, uso umekuwa mdogo. Nilimsalimia, akaitikia, akaniambia nisimwachie dada yangu kukamua kwa sababu anamwumiza ng'ombe. Tulimhamishia kwenye blanketi. Nilitazama mishono yangu pande zote mbili. Nikaingiza bega la kulia chini ya mti wa mbele, nikatoa pumzi, nikasimama kwa miguu na tumbo, na uzito ukaja.

Kuku hakuwa na uzito ule.

Nilihesabu. Udongo ulikuwa umelegea na kila hatua ilikuwa na mtelezo wake, kwa hiyo nilikanyaga kama ninavyohamisha mguu kwenye mfululizo, mmoja haujaachia mpaka mwingine umeshika. Mia moja. Kwenye kona ya mwamba niligeuka pamoja na mwili mzima, nyonga na mabega kwa wakati mmoja, na kiuno kilikaa. Mia mbili. Mama aliguna mara moja na mti ukatikisika. Nilisikia ubavu wangu wa kushoto ukivuta wenyewe, bila mimi kuuambia, na nilishangaa kama mtu aliyesikia mtoto wake akisoma sentensi ya kwanza. Mia tatu.

Mia tatu na thelathini, nyonga ya kushoto ikashuka. Nikainyanyua. Ikashuka tena.

Mia tatu na arobaini na tano, pumzi ikajibana.

Nilijua namba zote. Korongo lilikuwa hatua sitini na saba mbele, niliona mawe yake, na mimi nilikuwa na ishirini. Nyuma yangu nilisikia miguu ya watu kwenye matope, wakitembea kimya, macho chini ili wasianguke. Hakuna aliyekuwa ananitazama, na hata wangenitazama wasingesema. Mtoto wa mgonjwa haguswi kabla ya korongo. Nilitembea hatua tano nikisubiri. Nilitambua kwamba nasubiri, kama siku ile. Hatua saba. Nilisikia pumzi ya mama, fupi fupi, nyuma ya kisogo changu. Hatua kumi.

"Pokea," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia kwa nguvu. "Pokeeni! Mbele kulia!"

Zikapita hatua mbili au tatu, ambazo nimezipima mara nyingi tangu hapo. Kisha yule mwenye mabega mapana akatupa mfuko kwa mtu mwingine na kuja mbio ubavuni mwangu. Aliingiza bega. Sikugeuza kiuno. Nilichuchumaa kidogo, nikatoa pumzi yote, nikapita chini ya mti na kutokea nje, mguu mmoja kisha mwingine. Blanketi halikuinama hata kidogo.

"Tumefika korongoni?" mama akauliza kutoka ndani ya blanketi.

"Bado, mama."

"Sasa mbona umetoka?"

"Nimechoka."

Watu wote walisikia. Nilitembea kando ya njia, sambamba na blanketi.

"Basi pumzika," mama akasema. "Hukuniangusha."

Chini kidogo yule mzee tuliyemwangusha alikuwa amesimama kwenye uzio wake na fimbo yake, ameshasikia kelele. Tulipompita nilimsalimia. Aliitikia, akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani.

"Kumbe neno hilo ulikuwa unalijua," akasema. "Siku yangu ulilificha wapi?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Sikujua wanamcheka nani na bado sijui. Tulivuka korongo, maji yalikuwa magotini, na kutoka hapo njia inapanda kidogo kabla ya kushuka barabarani, ambako gari la kwenda hospitali lilikuwa linasubiri, ingawa bado tulikuwa hatujaliona.

Nilibaki nyuma, mikono mitupu. Nilikuwa sijawahi kufuata machela nikiwa na kitu cha kutazama. Mbele yangu, kwenye mti wa nyuma kushoto, alikuwa kijana wa watu, mnene wa shingo, asiyewahi kushindwa na chochote. Alikuwa amejifunga shuka, imekazwa vizuri. Nilitazama chini ya shuka ile. Nyonga yake ya kushoto ilishuka kidogo, ikarudi, ikashuka. Kisha mabega yake yakaacha kupanda na kushuka. Alikuwa ameacha kupumua. Alikuwa anatazama mbele na meno yameumana, anasubiri.

Nilikuwa na hatua ishirini, pengine pungufu. Nilitoa pumzi, nikaongeza mwendo, nikaingiza bega chini ya mti.

"Leta," nikasema, na kuanza kuhesabu upya kutoka moja.